Mizizi ya Uhalifu: Yaliyoipata Albania Baada ya Ukomunisti



Mwizi anapokamatwa mtaani, swali la kwanza linalotoka vinywani mwetu ni hili: «Ni nani?» Tunataka kujua ni mtoto wa nani, anakaa wapi, anatoka kabila gani. Kuna swali la pili, nalo huulizwa na wachache: «Alifikaje hapo?» Swali la kwanza linatazama mkono uliotenda, la pili linatazama njia ndefu ambayo mkono huo uliipita kabla ya kutenda. Katika tafakari hii tunataka kukaa na swali la pili. Na kwa kuwa ni vigumu kulitazama kwa utulivu pale tulipoumizwa sisi wenyewe, tutalitazama mbali na kwetu, katika nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Albania.

Albania iko kando ya bahari ya Adriatiki, mkabala na Italia, na upande wa kusini imepakana na Ugiriki. Katika miaka ya 1990 watu wake walikuwa milioni 3 na kitu, yaani wachache kuliko wakaaji wa jiji la Kinshasa peke yake. Mwaka 1997, kwa muda wa majuma machache tu, raia wa nchi hiyo walivunja maghala ya jeshi lao, wakajitwalia silaha zaidi ya nusu milioni, na mwisho wa mwaka watu wapatao 2,000 walikuwa wamekufa. Hapakuwa na adui aliyevuka mpaka. Hapakuwa na makabila mawili yaliyogombania milima. Kilichotangulia bunduki kilikuwa akiba ya familia iliyopotea. Tuulize basi: walifikaje hapo?

Miaka ya hofu

Tangu Novemba 1944 hadi alipofariki Aprili 1985, Albania ilitawaliwa na mtu mmoja, Enver Hoxha, pamoja na chama chake cha Wakomunisti. Aligombana na Yugoslavia mwaka 1948, na Urusi ya Kisovieti mwaka 1961, na China mwaka 1978, mpaka nchi ikabaki peke yake, bila rafiki. Kwa kuogopa kuvamiwa, alijenga mahandaki ya zege zaidi ya 100,000 mashambani, milimani na pwani. Adui aliyesubiriwa hakuja. Wakati ule ule raia hakuruhusiwa kuwa na gari lake mwenyewe, wala kuvuka mpaka. Na mmoja wa familia akitoroka, wengine waliobaki walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa vijiji vya mbali.

Mwaka 1967 serikali ilipiga marufuku dini zote. Makanisa na misikiti zaidi ya 2,000 ilifungwa; kanisa kuu la Shkodër, mji wa kaskazini wenye Wakatoliki wengi, liligeuzwa kuwa ukumbi wa michezo. Mapadri walitiwa gerezani, na wengine waliuawa.

Lakini jeraha lililokuja kuzaa uhalifu lilikuwa la ndani zaidi kuliko kuta zilizobomolewa. Polisi wa siri, walioitwa Sigurimi, walikuwa na wapelelezi kazini, shuleni, na hata kati ya ndugu. Mtu alijifunza kunyamaza mbele ya jirani yake. Mali yote ilisemwa kuwa ni ya wote. Kwa hiyo wengi waliiona kuwa si ya mtu, na kuchukua kitu cha kiwanda au cha shamba la ushirika hakukuhesabiwa tena kuwa wizi. Sheria ilikuwapo, tena kali sana. Hata hivyo watu waliiogopa bila kuiheshimu. Sisi tunaona hapa mzizi wa kwanza: mahali ambapo sheria inaishi kwa hofu tu, siku hofu ikiondoka, sheria nayo inaondoka.

Mlango ulipofunguliwa

Siku hiyo ilifika. Desemba 1990 wanafunzi wa chuo kikuu cha Tirana, mji mkuu, waliandamana, na chama kikalazimika kukubali vyama vingi. Tarehe 20 Februari 1991 umati uliiangusha sanamu kubwa ya Hoxha katikati ya jiji. Tarehe 8 Agosti mwaka huohuo meli iitwayo Vlora iliingia bandari ya Bari, Italia, ikiwa imebeba watu wapatao 20,000, wengine wakining'inia kwenye milingoti. Wengi wao walirudishwa kwao. Ni vijana waliokuwa wakikimbia nchi ambayo ilikuwa imefunguliwa mlango, lakini ndani yake hapakuwa na chakula wala kazi.

Viwanda vya zamani havikuweza kushindana, vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mashamba ya ushirika yaligawanywa kwa familia za wakulima kwa sheria ya Julai 1991. Jambo hilo lilikuwa jema kwa mwenye njaa. Lakini koo zilizokuwa na mashamba hayo kabla ya ukomunisti zilisema kwamba zimenyang'anywa mara mbili. Mahakama zilizopaswa kuamua zilikuwa dhaifu, na hakimu aliweza kununuliwa. Polisi wa zamani walikuwa wamechukiwa, na wapya walikuwa bado hawajajifunza kazi. Maelfu ya vijana walikwenda Ugiriki na Italia kufanya kazi za mikono, wakawa wanatuma pesa nyumbani.

Tuelewe vizuri: hawa hawakuwa watu waovu kuliko wengine. Walikuwa watu waliotoka katika nyumba ya giza na kuingia ghafula katika jua kali, na macho yao yalikuwa bado hayajazoea. Hawakuwahi kuona benki ya watu binafsi, wala kampuni inayofilisika, wala gazeti linaloruhusiwa kusema kwamba tajiri fulani ni tapeli. Katika hali hiyo ndipo walipokuja watu waliovaa suti nzuri.

Pesa zinazozaa bila kazi

Makampuni yao yaliitwa VEFA, Gjallica, Sude, Xhaferri, Populli, na mengine. Yalipokea akiba ya watu na kuahidi faida kila mwezi. Mwanzoni faida ilikuwa asilimia 4 au 5 kwa mwezi. Mapema mwaka 1996 ilifika asilimia 6 hadi 8. Benki za serikali zilikuwa hoi, hazikuweza kumkopesha mfanyabiashara mdogo, kwa hiyo watu waliyaona makampuni hayo kama msaada. Baadhi yao yalikuwa na biashara ya kweli. Mengine yalisemekana kula faida ya magendo, hasa ya mafuta yaliyovushwa kwenda Yugoslavia wakati nchi hiyo ilipokuwa imewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa 1995 vikwazo vilisimamishwa, na mfereji huo wa pesa ukakauka.

Hapo badala ya kupunguza ahadi, makampuni yaliziongeza. Mnamo Novemba 1996 Xhaferri iliahidi kuzidisha pesa mara tatu kwa miezi mitatu. Populli ilikuwa imefika asilimia 30 kwa mwezi. Mnamo Novemba Sude ikaahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa miezi miwili. Tufanye hesabu ndogo. Mtu akiweka 1,000 kwa asilimia 30 kila mwezi, na faida ikaachwa humo izae tena, baada ya mwaka mmoja anapaswa kulipwa zaidi ya 23,000. Ni kilimo gani, ni mgodi gani, ni duka gani duniani linalozaa namna hiyo? Hakuna. Aliyetangulia alilipwa kwa pesa za aliyemfuata, na huyo kwa pesa za mwingine nyuma yake. Huo ndio mchezo unaoitwa piramidi. Si kama likelemba ya mama zetu sokoni, ambamo watu wanajuana kwa majina, kila mmoja anatoa kiasi kilekile na anapokea zamu yake, wala hakuna anayeahidiwa zaidi ya alichotoa. Piramidi inahitaji watu wapya kila siku, na watu wapya wakiisha, inaanguka.

Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1996, wakulima waliuza ng'ombe na kondoo wao ili wapeleke pesa Tirana, na wenye nyumba mijini waliuza nyumba zao. Fikirini jambo hilo: mifugo ile ile ambayo wakati wa Wakomunisti hawakuruhusiwa kuimiliki kwa uhuru, waliiuza kwa mikono yao wenyewe kwa sababu ya karatasi. Inakadiriwa kwamba watu wawili katika kila watatu walikuwa na fungu lao katika mchezo huo. Deni la makampuni hayo kwa wateja wao lilifika dola bilioni 1.2, karibu nusu ya mapato ya mwaka mzima ya taifa.

Je, hakuna aliyeonya? Walikuwapo. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki Kuu ya nchi walisema hatari inakuja. Sauti zao zilikuwa chache tena zilichelewa, na wengi waliwachukulia kuwa watu wenye wivu. Waliokuwa na sauti kubwa, yaani viongozi wa serikali ya Rais Sali Berisha, hawakuyafunga makampuni hayo mapema. Na baadhi ya makampuni yalikuwa yamechangia kampeni ya chama tawala katika uchaguzi wa Mei 1996, uchaguzi ambao wenyewe ulilalamikiwa kwa udanganyifu. Mlinzi aliyekula pamoja na mwizi hawezi kupiga kelele usiku.

Wazee wetu hawatashangazwa na habari hii. Mwaka 1991, katika Kinshasa ya Zaire, mchezo wa namna hii ulioitwa Bindo Promotion ulikusanya akiba ya watu wengi kwa ahadi za ajabu, ukaanguka. Kwa hiyo tusiwacheke Waalbania.

Machi 1997

Novemba 1996 Sude ilishindwa kulipa. Januari 1997 ilianguka kabisa, na serikali ikazuia fedha za Xhaferri na Populli. Februari ikaanguka Gjallica, iliyokuwa na makao yake Vlorë, mji wa bandari wa kusini. Watu wa Vlorë walijaa barabarani. Walidai pesa zao kwanza. Kisha wakadai serikali iondoke. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi risasi zilipigwa, watu wakafa, hali ya hatari ikatangazwa. Tarehe 3 Machi bunge lilimchagua tena Berisha kuwa rais, na hasira ikageuka kuwa moto.

Askari walitupa sare zao, wakaenda makwao. Maghala ya silaha yalibaki bila mlinzi. Wanaume, wanawake, hata watoto wakaingia na kutoka na bunduki za Kalashnikov, risasi na mabomu. Zile silaha zilizorundikwa kwa miaka 40 ili kumpiga adui wa nje ziligeuka kuwa mikononi mwa kila nyumba. Magereza yalifunguka. Maghala ya nafaka, shule na ofisi ziliporwa, hata zile zilizokuwa za faida ya waporaji wenyewe. Watoto wengi walikufa kwa kuchezea bomu lililookotwa, au kwa risasi iliyopigwa hewani bila kumlenga mtu.

Tarehe 28 Machi mashua iitwayo Kateri i Radës, iliyojaa wakimbizi, iligongana na meli ya jeshi la majini la Italia katika mlango bahari wa Otranto, na watu zaidi ya 80 wakazama, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Siku hiyohiyo Umoja wa Mataifa uliruhusu kikosi kilichoongozwa na Italia kwenda kulinda misaada. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Juni, serikali ikabadilika, na Berisha akajiuzulu mwezi uliofuata.

Lakini magenge yalikuwa yamekwisha kuzaliwa. Kwa miaka kadhaa yalitawala barabara na miji ya kusini. Mashua za mwendo kasi zilitoka Vlorë usiku zikipeleka Italia wahamiaji, sigara, bangi, na wasichana waliodanganywa kwamba wanakwenda kuolewa au kufanya kazi, kumbe waliuzwa. Baadhi ya silaha zilivuka kwenda vita vya Kosovo. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule, asiye na kazi, ambaye baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wote na kupoteza, alikuta bunduki ndani ya nyumba na genge nje ya mlango. Hatusemi hivyo ili kumwondolea hatia. Vijana wengine wengi, wenye umaskini uleule na bunduki ileile, walikataa kwenda. Tunasema hivyo ili ijulikane kwamba kuna watu waliomlainishia njia, nao wenyewe hawakushika bunduki.

Damu hudai damu

Kaskazini mwa nchi uhalifu ulichukua sura nyingine. Huko milimani kuna sheria ya kale ya mababu iitwayo Kanuni ya Lekë Dukagjini, ambayo padri Mfransisko, Shtjefën Gjeçovi, aliikusanya katika maandishi, ikachapishwa Shkodër mwaka 1933. Ndani yake kuna mambo mazuri: ukarimu kwa mgeni, na besa, yaani neno la heshima ambalo mtu hulishika hata kwa kifo. Kuna pia kisasi cha damu: aliyeua, jamaa ya aliyeuawa ina haki ya kuua.

Wakomunisti waliuzuia ukatili huo kwa mkono wa chuma. Hofu ilipoondoka, ulirudi, tena ukiwa umeharibika zaidi. Ugomvi wa mpaka wa shamba, usiopata hakimu mwaminifu, ulimalizwa kwa risasi; kisha wanaume wa familia ya muuaji, hata wavulana wadogo, walijifungia ndani ya nyumba kwa miaka, bila shule, bila shamba, kwa sababu wakitoka watauawa. Kanuni ya zamani ilikuwa na wazee na mipaka. Kisasi kipya hakikuwa na mzee wala mpaka. Jambo hili linatufundisha kwamba mila haileti uhalifu kwa yenyewe. Pale ambapo hakuna mahakama ya kutegemewa, mtu aliyeumia hushika chombo chochote kilicho karibu, na mila inageuzwa kuwa kisu.

Njia ya kurudi

Je, nani alianza kuponya? Tutaje mifano mitatu.

Wa kwanza ulitokea Kosovo, kati ya Waalbania wa upande wa pili wa mpaka, mwaka 1990. Wanafunzi vijana, pamoja na mwalimu mzee Anton Çetta, mtaalamu wa hadithi na mapokeo ya watu, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiziomba familia zisamehe damu. Hawakuidharau mila, waliitumia. Walisema kwamba kusamehe hadharani, mbele ya mashahidi, ni heshima kubwa kuliko kuua. Tarehe 1 Mei 1990 umati mkubwa sana ulikusanyika mahali paitwapo Verrat e Llukës, na familia moja baada ya nyingine zikanyosha mkono. Visasi karibu 1,000 vilipatanishwa katika kampeni hiyo. Waanzilishi wake walikuwa na umri wenu.

Wa pili ni wa Gramsh, wilaya ya katikati ya Albania, iliyokuwa na kiwanda cha kutengeneza Kalashnikov. Kuanzia mwaka 1998 na 1999 Umoja wa Mataifa ulisaidia kuanzisha mpango huu: wananchi warudishe silaha, na badala ya kumlipa mtu mmoja mmoja, wilaya yote ipate barabara, simu na taa. Bunduki za maelfu zilirudi. Watu walielewa kwamba usalama wa barabara yenye taa ni bora kuliko bunduki chini ya kitanda.

Wa tatu ni wa polepole, nao haujaisha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipofika Shkodër tarehe 25 Aprili 1993, aliwaweka wakfu maaskofu wanne katika kanisa lile lililokuwa ukumbi wa michezo. Mwaka 2012 maaskofu wa kaskazini walitangaza kwamba Mkatoliki anayeua kwa kisasi anajitenga na ushirika wa Kanisa. Nayo serikali, kuanzia mwaka 2016, ilibadili sheria ili kila hakimu na mwendesha mashtaka aeleze mali yake ameipata wapi. Wengi walishindwa kueleza, wakafukuzwa kazi. Magendo na magenge bado yapo, na vijana wengi bado wanahama. Ila leo kuna mahali pa kupeleka malalamiko ambapo zamani palikuwa na bunduki tu.

Tunalolishika

Kutokana na historia hii sisi tunalishika jambo moja. Umaskini peke yake haukuwafanya Waalbania wachukue silaha. Walikuwa maskini zaidi mwaka 1991, na hawakuvunja maghala kama mwaka 1997. Kilichovunjika kati ya miaka hiyo miwili ni kuaminiana. Utawala wa hofu ulikuwa umekwisha kukidhoofisha; matapeli wakakiuza; viongozi wakanyamaza; na siku ya mwisho hapakuwa na mtu ambaye neno lake lingesikilizwa, wala hakimu, wala askari, wala rais. Bunduki huingia mahali ambapo neno limekufa.

Ndiyo maana mapambano na uhalifu hayaanzii kituo cha polisi. Yanaanzia kwa mweka hazina wa kikundi anayeonyesha daftari bila kuombwa. Kwa kijana anayemwambia rafiki yake waziwazi, «Faida hiyo haiwezekani, usiuze shamba». Kwa mzee anayeamua ugomvi wa mpaka bila kupokea mbuzi. Mambo hayo ni madogo. Albania ilijifunza kwa watu 2,000 kwamba yakikosekana, makubwa hayasimami.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni akina nani wanaowalainishia vijana njia ya uhalifu, bila wao wenyewe kushika silaha?

2. Je, umewahi kuona ahadi ya faida kubwa bila kazi, ukanyamaza ili usichekwe au kwa kuwa nawe ulitumaini kupata?

3. Wanafunzi wa Kosovo walikwenda nyumba kwa nyumba. Ni nyumba gani mbili katika parokia yetu ambazo tungeweza kuziendea?